Kwenda Afrika Kusini bila viza: mwongozo wa safari fupi kwa Mtanzania na Mkenya

Maswali ni yale yale kila msimu wa safari unapokaribia. Je, ni kweli kwamba sihitaji viza? Ikiwa sihitaji, kwa nini shirika la ndege linanidai tiketi ya kurudi? Siku 90 zinahesabiwa vipi, na nikivuka kwenda Lesotho kisha nikarudi, naanza upya? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao msafiri atakutana nayo, kuanzia nyumbani hadi nje ya mlango wa uwanja wa ndege. Unamhusu mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania au ya Kenya anayekwenda kutembea, kuwaona ndugu, kuhudhuria mkutano au kutafuta bidhaa. Anayekwenda kuajiriwa au kuanza masomo hahusiki nao, kwa kuwa hao wanahitaji viza ya aina yao, na viza hiyo huombwa kabla ya kuondoka.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Msamaha wa viza unaondoa hatua ya kupeleka maombi ubalozini, lakini hauondoi masharti ya kuingia. Uchunguzi ambao afisa wa ubalozi angeufanya kwa siku kadhaa, akiwa na faili lako mezani, sasa unafanywa na afisa wa mpakani kwa dakika chache, naye hana faili lolote isipokuwa lile ulilolibeba mwenyewe. Asiyepeleka maombi popote ndiye anayepaswa kubeba nyaraka nyingi zaidi.

Kwa Mtanzania, msamaha huu ni wa siku nyingi. Kwa Mkenya ulianza tarehe 1 Januari 2023, baada ya makubaliano yaliyotangazwa Nairobi mwezi Novemba 2022 na Rais William Ruto na Rais Cyril Ramaphosa. Kwa hiyo Mkenya asishangae akisikia ushauri unaopingana, kwani mtu aliyesafiri kabla ya mwaka huo bado anasimulia habari za foleni ya maombi ya viza. Wote wawili wana kikomo cha siku 90 kwa mwaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti halisi, yenye kurasa mbili tupu za kugongewa mihuri na muda wa kutosha (tazama hatua ya 1).
- Tiketi ya kwenda na kurudi, au ya kuendelea kwenda nchi nyingine.
- Uthibitisho wa mahali pa kulala: nafasi ya hoteli iliyothibitishwa, au barua ya mwenyeji pamoja na anwani yake.
- Uthibitisho wa fedha: taarifa ya benki, kadi, na kiasi fulani cha fedha taslimu.
- Cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano.
- Kwa anayesafiri na mtoto: cheti cha kuzaliwa na barua za ridhaa (tazama hatua ya 7).

Hatua ya 1. Kagua pasipoti kabla ya kugusa tiketi

Afrika Kusini inataka pasipoti iwe na uhai wa angalau siku 30 baada ya tarehe unayokusudia kuondoka nchini humo. Hilo ni sharti lao, lakini huenda ukapita nchi ya tatu yenye sharti kali zaidi, na mashirika mengi ya ndege yamezoea kipimo cha miezi sita. Ikiwa pasipoti yako imebakiza chini ya miezi sita, ibadilishe kwanza, ndipo utafute tiketi. Fungua pia kurasa moja baada ya nyingine na uhesabu zilizo tupu kabisa. Ukurasa wenye muhuri mmoja pembeni hauhesabiwi kuwa mtupu.

Angalia majina. Yaliyomo kwenye pasipoti, kwenye tiketi na kwenye cheti cha chanjo lazima yafanane herufi kwa herufi na yafuate mpangilio ule ule. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa abebe nakala ya cheti cha ndoa ikiwa nyaraka zake bado zina majina mawili tofauti.

Tahadhari: Mkenya aliyezoea kwenda Kampala au Kigali kwa kitambulisho cha taifa, na Mtanzania aliyezoea kuvuka Namanga au Holili kwa hati ya dharura, wasidhani kwamba mazoea hayo yanafika kusini. Huo ni utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa safari hii chukua pasipoti.

Hatua ya 2. Pata chanjo mapema

Cheti cha homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo anayekwenda kuchanjwa siku mbili kabla ya ndege anabeba karatasi ambayo bado haijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi.

Afrika Kusini hukidai kwa kila msafiri mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya namna hiyo kwa zaidi ya saa 12. Mkenya hana pa kukwepea. Mtanzania naye asibishane juu ya orodha. Njia yake inaweza kumpitisha Nairobi, Entebbe au Addis Ababa, ndege ikachelewa, na saa 12 zikapita akiwa amelala kwenye kiti. Kubeba cheti ni rahisi kuliko kumweleza afisa jiografia ya ugonjwa.

Chanjwa kwenye kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya. Wapo wanaouza kadi zilizokwisha kugongwa muhuri bila sindano. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo, homa ya manjano inaua.

Hatua ya 3. Hesabu siku zako kwa kalenda

Kosa linaloongoza ni kudhani kwamba siku 90 ni sawa na miezi mitatu. Anayeingia tarehe 1 Julai na kupanga kutoka tarehe 30 Septemba amekaa siku 92. Ukiihesabu siku ya kuingia kuwa ya kwanza, ya tisini inaangukia tarehe 28 Septemba. Hesabu kwa kidole kwenye kalenda, kisha ujiachie siku tatu au nne za akiba kwa ajili ya ugonjwa au ndege iliyofutwa.

Kosa la pili ni kusahau maneno "kwa mwaka". Siku 90 hazirudi upya kila unapoingia. Aliyekaa siku 60 mwezi wa pili na wa tatu amebakiwa na siku 30 za mwaka huo, na mfanyabiashara anayeingia na kutoka mara nyingi anapaswa kuwa na daftari lake mwenyewe la tarehe, kwa sababu mfumo wa mpakani unalo la kwake.

Kosa la tatu ni safari ya Lesotho au Eswatini kwa nia ya "kugonga upya". Kuvuka kwenda nchi jirani na kurudi hakuanzishi hesabu mpya. Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na mbinu hiyo maafisa wa mipaka yake wanaijua kuliko anayejaribu kuitumia.

Hatua ya 4. Chagua njia, kisha nunua tiketi

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi yenye tarehe zilizo ndani ya siku ulizohesabu. Tiketi ya kwenda tu ndiyo sababu ya kawaida ya msafiri kuzuiwa kupanda ndege. Ikiwa utarudi kwa basi au kuendelea Namibia au Msumbiji, beba uthibitisho wa safari hiyo ya kuendelea.

Anayepita nchi kavu ana kazi zaidi, kwa kuwa kila nchi ya njiani ina masharti yake na hesabu yake ya siku. Kutoka Dar es Salaam utavuka Tunduma kuingia Zambia, halafu ama Zimbabwe hadi Beitbridge kwenye mto Limpopo, ama Botswana kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021. Anayetoka Nairobi anaongeza Namanga mwanzoni. Thibitisha masharti ya kila mpaka kabla ya kukata tiketi ya basi, na uhakikishe kwamba kurasa tupu za pasipoti zinatosha mihuri yote ya kuingia na kutoka, ya kwenda na ya kurudi. Kwa njia hii, kurasa mbili hazitoshi hata kidogo.

Hatua ya 5. Weka wazi utakapolala

Kwa hoteli, chapisha uthibitisho wenye jina lako, anwani na tarehe. Wengine huweka nafasi, huchapisha karatasi, kisha huifuta kabla ya safari. Afisa anaweza kupiga simu hotelini, na akiambiwa kwamba jina hilo halipo, suala si malazi tena, ni uaminifu wako.

Kwa anayefikia kwa ndugu au rafiki, omba barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa Kiingereza na kusainiwa. Itaje jina lako kamili na namba ya pasipoti, uhusiano wenu, tarehe za kufika na kuondoka, anwani kamili ya nyumba, na namba ya simu inayopatikana. Iambatane na nakala ya kitambulisho cha mwenyeji au ya kibali chake cha ukaazi. Ikiwa mwenyeji wako mwenyewe hana karatasi halali, usimtumie kuwa mdhamini. Lala hotelini, umtembelee mchana.

Hatua ya 6. Andaa ushahidi wa fedha

Afisa anapima fedha zako kwa kulinganisha na idadi ya siku na aina ya safari. Taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni, iliyogongwa muhuri wa benki, ndiyo inayoeleweka haraka. Taarifa ya pesa za simu inaweza kuongezea uzito, lakini nisingeitegemea peke yake. Fedha zilizoingizwa kwenye akaunti siku moja kabla ya taarifa kutolewa huonekana kama zilivyo, yaani za kuazima, kwa hiyo ni bora salio dogo la kweli pamoja na barua ya mwajiri au leseni ya biashara.

Kuhusu fedha taslimu, noti za randi unazoruhusiwa kuingia nazo ni hadi randi 25,000 kwa mtu mmoja. Fedha za kigeni unaweza kuingia nazo zaidi, mradi uzitangaze forodhani. Kumbuka pia upande wa nyumbani: Tanzania na Kenya zote zinataka fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 za Marekani zitangazwe wakati wa kutoka. Mfanyabiashara anayekwenda kununua vipuri asilifanyie jambo hili mzaha.

Hatua ya 7. Watoto

Afrika Kusini iliweka masharti makali ya watoto wa chini ya miaka 18 tarehe 1 Juni 2015, kisha ikayalegeza kwa wageni wanaosafiri pamoja na wazazi wao. Hata hivyo afisa anaweza kuuliza, na shirika la ndege pia, kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, ongeza barua ya ridhaa ya yule mwingine iliyothibitishwa na wakili au kamishna wa viapo, na nakala ya pasipoti au kitambulisho chake. Mzazi mwenzake akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Kukiwa na amri ya mahakama kuhusu malezi, beba amri hiyo. Mtoto anayesafiri bila mzazi yeyote anahitaji ridhaa ya wazazi pamoja na barua ya mtu atakayempokea, yenye anwani na nakala ya kitambulisho.

Hatua ya 8. Kaunta ya shirika la ndege

Hapa ndipo wengi huishia. Shirika linalombeba mtu asiyekidhi masharti hutozwa faini na hulazimika kumrudisha, na kwa safari za Afrika Kusini taarifa za abiria hutumwa mapema kwa mamlaka za huko, ambazo zinaweza kujibu kwamba asipandishwe. Mfanyakazi wa kaunta anasoma masharti kwenye mfumo wa kompyuta, naye hana uwezo wa kukuhurumia.

Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Nyaraka zote ziwe kwenye bahasha moja ndani ya mkoba wa mkononi. Zikiwa kwenye sanduku lililokwisha kwenda, ni sawa na kuziacha nyumbani. Ziwe zimechapishwa kwenye karatasi, maana simu huzimika na mtandao wa ugenini hukosekana dakika ile ile unapohitajika. Baada ya kaunta utapita kwa Uhamiaji wa nchi yako, ambao nao wanaweza kukuuliza unakwenda wapi na kwa shughuli gani. Jibu lako kwao na jibu lako kule liwe moja.

Hatua ya 9. Mbele ya afisa wa uhamiaji

Iwe ni OR Tambo huko Johannesburg, Cape Town au King Shaka huko Durban, utakutana na afisa wa Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka. Maswali ni machache: umekuja kufanya nini, utakaa siku ngapi, utafikia wapi, unafanya kazi gani nyumbani, una fedha kiasi gani. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, na utoe karatasi inayohusika inapoombwa. Kummwagia bahasha nzima mezani hakumsaidii mtu.

Chagua maneno. Anayekwenda mkutanoni au kukagua bidhaa aseme hivyo na aonyeshe mwaliko au mawasiliano na muuzaji. Maneno kama "nimekuja kutafuta maisha", au "rafiki yangu atanitafutia kitu cha kufanya", hata yakisemwa kwa utani, yanamaliza safari hapo hapo, kwa sababu msamaha wa viza hauruhusu kazi. Wala usitegemee kuingia kama mgeni na kubadilisha hadhi ukiwa ndani. Kwa kawaida sheria inamtaka mgeni arudi kwao kuomba viza ya kazi au ya masomo.

Hatua ya 10. Soma muhuri kabla ya kuondoka dirishani

Muhuri una tarehe ya mwisho ya kukaa. Hiyo ndiyo inayokubana, wala si zile siku 90 unazozijua kichwani. Afisa anaweza kukupa siku chache zinazolingana na tiketi yako ya kurudi. Ukiona tarehe si sahihi, mwambie pale pale kwa upole na umwonyeshe tiketi. Ukishapita forodha, kuisahihisha ni kazi ya kuzunguka ofisi.

Kwenye forodha, posho ya bidhaa mpya au zilizotumika zisizotozwa ushuru ni za thamani ya hadi randi 5,000, pamoja na sigara 200, divai lita mbili na pombe kali lita moja kwa mtu mzima. Nyama, maziwa, asali, mbegu na miche viache nyumbani, hata mama mkwe akisisitiza. Dawa za kila siku zisizidi za mwezi mmoja, ziwe kwenye vifungashio vyake na ziambatane na barua ya daktari.

Yakienda kombo

*Umezuiwa kupanda ndege.* Uliza ni sharti gani hasa halijatimia. Ikiwa ni tiketi ya kurudi, unaweza kuinunua hapo hapo, hasa ile inayoruhusu kurejeshewa fedha. Ikiwa ni cheti cha chanjo au pasipoti inayokaribia kuisha, omba tarehe ya safari ibadilishwe kabla ndege haijaondoka, kwa kuwa baada ya hapo utahesabiwa kuwa hukutokea.

*Umekataliwa kuingia.* Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2002 inakupa haki ya kuomba uamuzi upitiwe, lakini ombi hilo litolewe mara moja, kabla hujapandishwa ndege ya kurudi. Omba sababu kwa maandishi. Omba pia kuwasiliana na ubalozi wako. Wa Tanzania na wa Kenya wote wako Pretoria. Usitoe hongo na usipaze sauti.

*Pasipoti imepotea au imeibwa.* Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, upewe namba ya kesi, kisha uende ubalozini Pretoria kuomba hati ya kurudia nyumbani. Nakala ya ukurasa wa picha na wa muhuri, iliyohifadhiwa kwenye barua pepe yako, hupunguza kazi hii sana. Ipige picha siku ile ile uliyoingia.

*Umeugua au ndege imefutwa, na tarehe ya muhuri inakaribia.* Nenda ofisi ya Mambo ya Ndani kabla tarehe haijapita, ukiwa na barua ya hospitali au ya shirika la ndege. Sababu nzuri iliyoandikwa mapema husikilizwa kuliko sababu ile ile inayotolewa uwanjani baada ya muda kupita.

*Muda umekwisha kupita.* Hata siku moja inahesabika. Anayezidisha chini ya siku 30 hutangazwa asiyetakiwa nchini humo kwa miezi 12. Akirudia ndani ya miezi 24, adhabu huwa miaka miwili. Na anayezidisha zaidi ya siku 30 hufungiwa miaka mitano. Tangazo hilo hutolewa mpakani wakati wa kutoka, kwa fomu utakayokabidhiwa. Itunze fomu hiyo, kwa kuwa rufaa hupelekwa Idara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi, ikiambatana na nakala ya fomu, ya pasipoti na ya ushahidi wa kilichokuchelewesha. Usikate tiketi nyingine ya Afrika Kusini kabla ya kupata jibu la maandishi, kwa maana jina lako litasomeka kwenye mfumo wa kaunta ya ndege.